Msikiti wa kale ukitiwa mkono, hubaki wa kale?

*Assalaam aleikum Maalim. Mimi ni katibu wa kamati ya kijiji, huku kaskazini mwa Pemba. Pembeni mwa kiambo chetu, mita chache kutoka baharini, pana gofu la msikiti wa mawe wa tangu enzi. Ukuta wa kibla ungali umesimama mpaka usawa wa bega, na mihrabu yake imebaki nusu. Hauna maandishi wala picha, wala hakuna mzee aliyewahi kusimuliwa na babu yake paa lake lilikuwaje. Mtu wa kwetu aliye ng'ambo amejitolea fedha tuujenge upya kwa saruji na nondo, tuuezeke na bati. Wazee wamefurahi. Lakini vijana wa skuli wameniletea kwenye simu picha za mawe ya Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale kule Uingereza, yakinyanyuliwa kwa kreni, na maneno chini yake kwamba mawe yale ni bandia, yamejengwa juzi tu. Wanasema na sisi tukijenga, wetu utakuwa bandia vile vile. Je, jengo la kale likitengenezwa linabaki kuwa la kale? Na sisi tufanye nini?*

Waaleikum salaam, mwanangu. Umeuliza mawili, na yote nitayajibu. Kwanza tuitoe njiani ile picha ya kwenye simu, maana vijana wako wana wasiwasi wa haki, ila umejengwa juu ya habari ya uongo.

Kreni zile ni za kweli. Mawe ya Stonehenge yamenyanyuliwa na watu wa karne ya 20, tena si mara moja. Tarehe 31 Disemba 1900 dhoruba iliangusha nguzo moja pamoja na jiwe lililolala juu yake. Mwaka 1901 nguzo ndefu kuliko zote, ambayo ilikuwa imeinama vibaya, ilinyoshwa na kumiminiwa zege miguuni. Kuanzia 1919 nyengine zikafuatia. Mwaka 1958 walisimamisha kundi zima la mawe matatu, nguzo mbili na jiwe la juu yake, lililokuwa limelala chini tangu Januari 1797. Na ile nguzo ya dhoruba ya 1900 nayo ikarudishwa. Mwaka 1963 ikaanguka nyengine, ikasimamishwa 1964. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba baadhi ya mawe yale yamesimama juu ya zege, amesema kweli.

Uongo unaanza pale anaposema kwamba hayakuwapo. Lucas de Heere aliyachora katika miaka ya 1570, John Constable akayachora 1835, na ukiitazama michoro yao unayaona mawe yale yale, mengine yamesimama, mengine yamelala. Nguzo kubwa zilisimamishwa kiasi cha miaka 2500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na waliozirudisha 1958 hawakuhitaji kukisia mahali pake, kwa sababu kila nguzo ilichongwa kinundu kichwani, na jiwe la juu lilichimbwa mashimo ya kupokea vinundu hivyo. Nguzo na jiwe lake zinajuana. Kila kimoja kinaingia kwa mwenzake na hakiingii pengine.

Kuna jambo jengine katika kazi zile ambalo picha ya simu haikuwaambia vijana, nalo ndilo ninalotaka ulishike. William Gowland, aliyesimamia kazi ya 1901, hakumimina zege mpaka alipokwisha kuchimba pale kwa utulivu, akapitisha udongo kwenye chekeche na kuandika kila kitu alichokipata na kina alichokipatia. Alipata zana za mawe zilizotumika kuchongea nguzo zile. Shimo la matengenezo likawa chanzo cha elimu. Na mwaka 1958, jiwe moja lenye ufa lilipotobolewa ili litiwe vyuma, vilitoka vipande virefu vya jiwe la ndani. Mfanyakazi mmoja alikihifadhi kipande kimoja, akahamia nacho Marekani, na 2018 kikarudishwa Uingereza. Mwaka 2020 watafiti wakakitumia kutambua kwamba sehemu kubwa ya mawe makubwa yalitoka West Woods, kiasi cha kilomita 25 upande wa kaskazini. Watu walikuwa wakijiuliza suala hilo kwa karne kadhaa.

Basi jibu la suala lako la kwanza ni hili: ndiyo, jengo la kale likitengenezwa linaweza kubaki la kale. Sharti lake ni kwamba atakayekuja baada yetu aweze kujua, bila ya kutuuliza sisi, kipi kiliwekwa na watu wa mwanzo na kipi tulikiweka sisi. Mkono wa fundi hauliharibu jengo kwa kuligusa. Unaliharibu kwa kufuta ushahidi uliokuwamo na kutoacha habari ya ulichokifanya. Wale wa Stonehenge wanatuhumiwa leo kwa picha ambazo waliziacha wenyewe, nami kwangu picha hizo ndizo dalili ya amana yao.

Wala huna haja ya kwenda Uingereza kuliona hilo. Vuka Unguja, ushuke mpaka Kizimkazi Dimbani. Ukuta wa kibla wa msikiti ule una maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, na yanataja mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107. Lakini sehemu kubwa ya jengo unaloingia ndani yake si ya mwaka huo. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na waliojenga wakayatunza maandishi ya wenzao waliotangulia wakayarudisha kiblani. Je, msikiti ule ni wa 1107 au wa karne ya 18? Ni wa nyakati zote mbili, na uzuri wake ni kwamba hakuna anayelazimika kudanganywa: maandishi ya kale yapo, kazi ya baadaye ipo, na ukitazama kwa makini unaona wapi imepita mikono ipi.

Najua wazee watakushika hapo. Watasema: kama watu wa Kizimkazi walijenga upya na leo sote tunajivunia msikiti wao, sisi tunakatazwaje? Hoja yao ina nguvu, na usiipuuze. Nina majibu mawili. Kwanza, wale walijenga kwa mawe na chokaa, kwa ufundi ule ule wa waliowatangulia, kwa hivyo kazi yao haikuila kazi ya zamani. Pili, wao walikuwa na maandishi ya kuwaongoza na ukuta wa kuyarudishia. Kwenu hakuna maandishi, hakuna picha, na kwa maelezo yako hakuna mzee aliyewahi kusimuliwa na babu yake kwamba paa la msikiti ule lilikuwaje. Hamjui kama lilikuwa la sakafu ya chokaa iliyopigiliwa juu ya boriti au la makuti. Hamjui ulikuwa na milango mingapi upande wa mashariki. Mkiujenga leo mtakuwa mmejenga msikiti mliouwaza, na mtakuwa mmeusimamisha juu ya ule wa kweli.

Jambo hili wahifadhi wa dunia walilikubaliana Venice mwaka 1964. Waliandika kwamba urejeshaji lazima usimame pale kukisia kunapoanza, na kwamba kinachoongezwa lazima kitambulikane na cha asili huku kikipatana nacho. Nimeona watu wakiwadharau wenye msimamo huu kwa kusema ni mawazo ya Wazungu wanaopenda magofu. Mimi naona kanuni ya kutokisia ni kanuni ya amana, na sisi tuliosoma elimu ya hadithi tunajua tofauti ya habari yenye isnadi, yaani mnyororo wa walioipokea, na habari isiyo nayo.

Linganisha na Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Unguja. Sultani Sayyid Barghash alilijenga 1883. Ule mnara wa saa tuliouzoea mbele yake haukuwa wa mwaka huo: mnara wa mwanzo ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na baada ya hapo mnara mwengine ukaunganishwa na jumba lenyewe. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Pakazuka mjadala: kinachorudishwa ni jumba la 1883 au lile la baada ya mizinga? Mimi ni katika wanaosema urudi mnara wa baada ya mizinga, kwa sababu ule ndio uliobeba habari ya siku ile, na ndio ambao watu wa Mji Mkongwe waliishi chini yake kwa zaidi ya miaka 120. Mwengine atasema vyengine. Lakini angalia: tunabishana tukiwa na picha, michoro na vipimo mikononi. Kwa gofu lenu hamna hata kimoja cha hivyo isipokuwa ukuta wenyewe, na ndiyo maana ukuta huo una thamani kuliko kitu chochote mtakachokijenga juu yake.

Sasa nije kwenye jiwe, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea hata wakiwa na nia njema. Utasikia mtu akisema: "Hatuongezi kitu, tutayarudisha tu mawe yaliyoanguka." Hilo linawezekana kwa Stonehenge, na linawezekana kwa mahekalu ya Ugiriki, kwa sababu kila jiwe limechongwa kwa mahali pake. Hata huko si rahisi. Nikolaos Balanos, mhandisi aliyeikarabati Parthenon, hekalu la kale la Athens, tangu 1898 hadi miaka ya 1930, aliyarudisha mawe mengi mahali pasipo pake, na waliokuja baada yake wamelazimika kuyashusha na kuyapanga upya. Ukuta wetu wa mwambao ni kitu chengine kabisa. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yakazamishwa ndani ya chokaa na udongo, mianya ikatomewa kwa vijiwe. Jiwe likishaanguka halina mahali pa kurudi. Ukilipandisha tena unajenga ukuta mpya kwa jiwe la zamani, na huo ndio ukarabati unaodanganya kuliko wote, maana jiwe ni la kweli na mpangilio si wa kweli.

Isipokuwa vipande vilivyochongwa. Kwenye mihrabu, kwenye vizingiti na kwenye matao, mafundi wetu walitumia matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi. Yakiwa na maji yanachongeka kwa urahisi, yakikauka yanakuwa magumu. Kila kipande cha tao kina umbo lake na mshazari wake, na mistari ya nakshi inaendelea kutoka kipande hadi kipande. Hivi ndivyo vinavyojuana, sawa na nguzo ya Stonehenge na jiwe lake. Kama mihrabu yenu imebaki nusu, yumkini nusu ya pili ipo hapo hapo chini kwenye kifusi. Kwa hiyo kifusi kile kisiguswe kwa koleo wala kisibebwe na mtu kwenda kujazia shimo la barabara. Nimeliona hilo likitendeka kwenye gofu la kwetu Unguja, na hakuna fedha iliyoweza kulirudisha lililopotea.

Tuje kwenye saruji. Wazee wako na fundi wenu wanaipenda kwa sababu ni ngumu na inakauka upesi, na kwenye nyumba ya matofali wana haki. Kwenye ukuta wa matumbawe ugumu huo ndio maradhi. Ukuta ule unavuta maji saa zote, kutoka ardhini, kwenye mvua, kwenye upepo wa bahari, na maji hayo yana chumvi. Yakiingia hayana budi kutoka. Chokaa ina vinyweleo, maji yanapita na kukaukia nje, na chokaa ikichakaa unapaka nyengine. Saruji haiyapitishi kirahisi. Ni kumvalisha mtu koti la mvua la plastiki katika joto la Februari. Maji yaliyozuiliwa yanatafuta njia ndani ya jiwe lenyewe, yanakauka karibu na uso wake, na chumvi inaganda kuwa fuwele. Fuwele zinakua na kulipasua jiwe kutokea ndani. Kwa miaka michache huoni kitu, lipu iko safi, mfadhili amepiga picha. Kisha lipu inabanduka mapande kwa mapande, na kila pande limeondoka na uso wa jiwe la kale. Na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko matumbawe, ukuta ukicheza kidogo, na kila ukuta hucheza, kinachokatika si saruji. Kinachokatika ni jiwe.

Nondo ni mbaya zaidi, na hapa namrudia Balanos. Alishikanisha marumaru ya Parthenon kwa vyuma. Waashi wa kale wa Ugiriki nao walitumia vyuma, ila walivimiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili maji yasivifikie. Vyake havikupata kinga hiyo. Vikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotokana nacho, marumaru yakapasuka yaliyokuwa yamestahimili zaidi ya miaka 2,000. Kamati ya wahifadhi iliyoundwa Athens 1975 imekuwa na kazi, miongoni mwa nyengine, ya kuvitoa vyuma hivyo na kuweka vya titani, madini yasiyoshika kutu. Panapokosekana kipande huchonga marumaru mapya kutoka mlima ule ule wa Pentelikon, na weupe wake unaonekana wazi kando ya ya zamani. Hawaupaki rangi kuuficha. Sasa fikiria nondo zenu Pemba, mita chache kutoka baharini, ndani ya jiwe ambalo lenyewe lilizaliwa baharini.

Chokaa ni habari nyengine kabisa, nami naipenda kazi hii kwa sababu ya chokaa zaidi ya kitu chengine chochote. Unachukua jiwe la matumbawe, unalichoma mpaka joto la kiasi cha nyuzi 900, linatoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Unalizima kwa maji, linachemka, linakuwa uji mweupe. Unaliacha shimoni miezi, linalainika. Ukilipaka ukutani linaanza kuvuta hewa ile ile kutoka angani, pole pole, siku kwa siku, mpaka linarudi kuwa jiwe la jinsi ile ile lililokuwa mwanzo. Ukuta wa matumbawe na chokaa yake ni kitu kimoja, ndiyo maana haugombani nayo. Kwa kazi yenu changanyeni chokaa iliyozimwa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, mchanga wa bara uliooshwa, si wa pwani. Pakeni tabaka nyembamba, funikeni kwa magunia mabichi, mnyunyizie maji ili isikaukie jua na kupasuka. Na tafadhali msivunje matumbawe hai baharini kwa ajili ya kazi hii. Chokaa iliyozimwa inanunulika, na mawe ya kuzibia mtayapata katika yale yasiyochongwa yaliyokwisha kuanguka, kifusi kikishapekuliwa na wajuzi.

Kuna watu wanaosema: mbona Wajapani hekalu lao la Ise wanalibomoa na kulijenga upya kila miaka 20, mara ya mwisho 2013, na hakuna anayesema ni bandia? Kweli. Na mwaka 1994 wahifadhi walikutana huko huko Japani, Nara, wakaandika kwamba uhalisia wa turathi hupimwa kwa mila za watu wenye turathi hiyo, na ufundi wao na matumizi yao yahesabiwe pamoja na mawe na miti. Mimi nayaunga mkono maneno hayo kwa moyo wote. Lakini yasome vizuri. Ise inajengwa kwa mti wa aina ile ile, kwa vipimo vile vile, na maseremala waliofundishwa na maseremala waliojenga iliyopita. Mnyororo haukukatika. Anayetaka kuitumia Ise kuhalalisha saruji amechukua nusu ya habari. Kama kwenu yuko mzee aliyewahi kuchoma tanuu la chokaa au kutomea ukuta, huyo ni sehemu ya uhalisia wa msikiti wenu kuliko kontrakta yeyote. Kaeni naye, vijana wa skuli wamsikilize na kumwandika.

Bado kuna la chini ya ardhi. Kisiwani Pate, Kenya, Mark Horton alipochimba msikiti wa Ijumaa wa Shanga katika miaka ya 1980 alikuta chini ya ule wa mawe misikiti mengine, mmoja juu ya mwengine, ya udongo na miti, na wa chini kabisa ni wa karne ya 8. Bila ya ardhi ile kubaki salama tusingejua kwamba Uislamu ulifika mwambao huu mapema namna hiyo. Na Pemba yenyewe, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilitoka ardhini zaidi ya sarafu 2,000, nyingi ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa mwambao. Mkichimba misingi ya nguzo za zege ndani ya msikiti wenu, kila shimo litapita katika tabaka hizo, na yaliyotupwa na majembe hayaandikiki tena. Nondo unaweza kuja kuzikata. Shimo halifukiki likarudi lilivyokuwa.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya yote nendeni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, kwa sababu gofu la namna hiyo haliguswi bila ya ruhusa yao, na kwa sababu watakuja na mtu wa kupima. Na kwa kuwa ni msikiti, ulizeni pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama ardhi ile imesajiliwa kuwa wakfu. Huku mkingoja, pigeni picha kila upande, asubuhi na jioni ili kivuli kionyeshe mikwaruzo, na muweke fimbo yenye alama za sentimita ndani ya kila picha. Vipande vyenye nakshi vilivyo juu ya kifusi vipigwe picha pale vilipo, viandikwe namba kwa chaki, visihamishwe.

Miti iliyoota ukutani isivutwe. Ikateni karibu na ukuta na muiache mizizi ife, kwa sababu mzizi ukiung'oa unatoka na mawe uliyoyakumbatia.

Kazi ya ujenzi yenyewe ni ndogo kuliko mnavyodhani, na ni ya juu. Ukuta usio na paa hufa kuanzia kichwani: mvua inaingia juu, inaosha chokaa ya ndani, mawe yanabaki hayana kinachoyashika. Ujengeeni kofia ya chokaa na vijiwe yenye mteremko ili maji yamwagike nje. Zibeni mianya kwa kutomea. Chini ya kofia hiyo, baina ya kazi yenu na ya zamani, pangeni mstari mwembamba wa vigae, na chokaa ikiwa mbichi chora mwaka. Mwanafunzi atakayekuja baada ya miaka 100 atasoma mstari ule na hatahitaji kumuuliza mtu. Msinyanyue ukuta hata hatua moja juu ya ulipo. Na msipake lipu mpya juu ya lipu ya zamani hata ikiwa imechakaa, maana lipu nayo ina habari. Kule Pujini, kwenye ngome inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, kuna sura ya siwa, ile pembe kubwa ya heshima, iliyofinyangwa kwa lipu kwenye ukuta wa chumba cha chini ya ardhi. Fundi mmoja mwenye bidii na karai la saruji angeimaliza kabla ya adhuhuri.

Fanyeni kazi hiyo wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chokaa ipate muda wa kushika kabla ya masika.

Kuhusu wazee. Usiwaendee na kanuni za Venice. Wao wanataka pahala pale pasaliwe tena, na hamu hiyo ni tukufu. Waambie kwamba fedha ya yule ndugu aliye ng'ambo inatosha kwa msikiti mpya, wa saruji na bati kama wapendavyo, ukae mbali kiasi na gofu pale ambapo wapimaji watathibitisha hakuna kitu chini. Kutaswaliwa ndani yake kila siku, na thawabu ya mjengaji haipungui kwa kuwa hakujenga juu ya mwengine. Sehemu ndogo ya fedha hiyo iende kwenye chokaa na ujira wa waashi. Wakitaka kuswali hata mara moja pale pale penye mihrabu ya zamani, nani atawazuia? Pasafishwe juu juu tu, patandikwe majamvi, waswali. Hakuna nondo inayohitajika kwa hilo.

Picha zikiwa tayari nitumie, hasa za kifusi kilicho mbele ya mihrabu na za upande wake uliovunjika. Nikiviona vipande vya tao na mshazari wa kingo zake nitaweza kukwambia ni vingapi vinaweza kurudi mahali pake, na vipi vibaki chini vilipo.